Muziki wa Hubert Sequerah Ulioliwa na Mchwa

Sanduku lilikuwa chini ya ngazi, limefunikwa kwa shuka kuukuu, na Hubert Sequerah hakuwa amelifungua tangu mkewe Doreen alipofariki. Asubuhi ile ya Februari, mwaka 1974, alilivuta nje kwa sababu binti yake Yvette alitaka kujua lina uzito gani. Walikuwa wanahamia Perth, Australia: Yvette, mumewe Clifford, na yeye Hubert. Ndege haina huruma na mizigo.

Alishika mpini, ukabaki mkononi. Akashika kifuniko, nacho kikamegeka kama biskuti. Ndani hamkuwa na karatasi. Mlikuwa na udongo mwekundu wenye vitundu vitundu, umejaa sanduku zima, na ndani ya udongo ule mchwa weupe walikuwa wakikimbia mwanga.

"Papa, kuna nini?" Yvette aliuliza kutoka jikoni.

Hubert alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akapapasa, akatoa kipande cha karatasi kisichozidi stempu, chenye mistari mitano ya muziki na alama mbili. Cha wimbo gani, hata yeye hakujua.

"Nyimbo mia moja na arobaini," alisema hatimaye. "Wamekula zote."

Yvette alikuja akifuta mikono kwenye aproni, akatazama, akapiga ishara ya msalaba. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa vitendo, akaenda kutafuta mafuta ya taa.

Hubert alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alizaliwa mtaa wa Pulau Tikus, hapo hapo kisiwani Penang, Malaysia, ambako akina Sequerah, akina Reutens na akina Foley walikuwa wameoana muda mrefu hadi hakuna aliyejua tena nani ni binamu wa nani. Babu mmoja Mreno, mwingine Mholanzi, bibi mmoja Msiam, mwingine wa Melaka. Ukiwauliza ninyi ni watu gani, walikwambia ni watu wa Pulau Tikus. Baba yake alikuwa karani wa forodha na alipiga fidla kanisani. Mabradha wa shule walimpa Hubert klarineti akiwa na miaka kumi na miwili. Alipofika kumi na sita alisikia bendi ya Wafilipino kutoka Manila ikipiga jazi kwenye uwanja wa starehe, na tangu siku hiyo kichwa chake hakikutulia. Baba alikasirika, akanuna mwezi mzima, kisha akamnunulia saksafoni.

Halafu Wajapani wakaingia. Mdogo wake, Basil, alikuwa na redio aliyoificha ndani ya pipa la mchele, akisikiliza habari za vita na kuwanong'oneza majirani. Walimchukua siku ya Ijumaa akiwa anakaanga samaki. Waliacha moto unawaka na samaki kwenye kikaango. Wakati huo Hubert alikuwa akipiga saksafoni kwenye kilabu cha maofisa wao, maana huko ndiko kulikokuwa na mchele. Alimwendea ofisa mmoja aliyependa sana upigaji wake, akapiga magoti, akamwomba habari za ndugu yake. Yule ofisa alimsikiliza mpaka mwisho, tena kwa adabu. Kisha akasema angependa kusikia wimbo mwingine.

Na Hubert alipiga. Jambo hilo hakumwambia mtu yeyote isipokuwa Doreen, na alimwambia mara moja tu.

Basil hakurudi, wala mwili hawakupewa. Wiki ile ile Hubert alianza kutunga muziki kichwani, bila kuuandika, akitembea nao kila aendako kama ugonjwa. Vita vilipokwisha aliuweka kwenye karatasi, akauita "Basil". Ulikuwa muziki wa polepole, hauna maneno. Bendi ya Sequerah ilipoupiga, watu walioshikana kucheza walipunguza mwendo, wengine wakasimama kabisa. Mwaka 1955 kampuni ndogo ya Bulan Emas iliutia kwenye santuri, na kwa mwaka mzima hukuweza kupita mtaa wowote wa Penang bila kuusikia dirishani kwa mtu.

Miaka yake mizuri ilikuwa hiyo. Baadaye alipata kazi kwenye hoteli kubwa ya ufukweni, akavaa koti jeupe. Baadaye tena meno ya juu yakaoza, yakang'olewa. Na mpiga saksafoni bila meno ya kukishikilia kipande cha mdomoni ni sawa na mshonaji bila vidole. Aliwekewa ya bandia. Sauti ikatoka inakwaruza. Hoteli ikachukua vijana wenye magitaa ya umeme, Hubert akabaki nyumbani akiwafundisha watoto wa majirani piano, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Doreen akafa. Majirani wakaanza kuhama, nyumba baada ya nyumba, wengine Perth, wengine Uingereza, na kila Jumapili benchi moja zaidi lilikuwa tupu kanisani.

Lakini sanduku lilikuwapo. Hilo ndilo lililokuwa likimwezesha kuamka: kwamba chini ya ngazi kuna sanduku.

Siku iliyofuata alikwenda mjini kwenye jengo la Bulan Emas. Palikuwa panauzwa magodoro. Mlinzi mzee alimwambia kampuni ilifungwa siku nyingi, na santuri zilizobaki pamoja na vyuma vya kuzichapia viliuzwa kwa mtu wa vyuma chakavu.

"Akavifanyia nini?" Hubert aliuliza.

"Aliyeyusha, Anko. Ulitaka afanye nini, avipigie magoti?"

Santuri yake mwenyewe ilivunjika zamani. Aliwauliza watu kanisani, akagonga milango, akapekua makabati ya wajane. Hakuna. Kila mtu aliukumbuka wimbo wa "Basil", kila mtu aliwahi kuwa nao, na kila mtu alikuwa ameutupa pamoja na gramafoni.

Basi aliketi kwenye piano akaamua kuuandika upya kutoka kichwani. Nyingine zote mia na thelathini na tisa alizisamehe. Huu mmoja tu.

Mwanzo ulikuja wenyewe, siku moja ukawa tayari. Mwisho ulikuja siku ya pili. Katikati hapakuja kitu. Kilikuwa kipande kifupi, unahesabu moja hadi nne mara nane basi kimekwisha, ambapo muziki uliacha kulia ukawa kama mtu anayesimulia jambo la zamani. Alijua kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Kilichokuwamo ndani hakukijua tena. Kila alipofika pale mikono ilisimama hewani.

Wiki ya kwanza alijaribu kwa upole. Wiki ya pili aliacha kula mezani. Yvette alimletea chakula pale pale kwenye piano, akarudi kukichukua kimepoa.

"Papa, tunga kingine basi. Si wewe mwenye wimbo?"

"Nitunge kingine!" Hubert alimgeukia kwa macho mekundu. "Amekufa baba yako mdogo, nami nimuazimie kingine?"

"Mimi nimesema tu."

"Usiseme."

Wiki ya tatu alichomoa saksafoni kwenye boksi lake. Alifikiri huenda mdomo unakumbuka kilichosahauliwa na kichwa. Meno ya bandia yalikuwa yanateleza, akayatoa, akayaweka juu ya piano, akakishika kipande cha mdomoni kwa fizi tupu. Sauti iliyotoka ilimfanya mbwa wa jirani abweke. Akaendelea. Yvette aliporudi kutoka sokoni alimkuta ameketi sakafuni, kidevu na shati vimelowa damu, bado anapuliza, na hapakuwa na sauti yoyote tena, ni pumzi tu. Ilibidi amnyang'anye ile saksafoni kwa nguvu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

Kisha akafanya jambo la busara: akamwita Anti Olga.

Olga Reutens alikuwa mjane wa Stanley, aliyekuwa mpiga ngoma wa bendi. Alikuwa mnene, mwenye mdomo, hakumwogopa mtu. Alikuja na keki ya semolina kwenye sahani, akaiweka juu ya piano kando ya yale meno.

"Mume wangu hakuacha karatasi hata moja, nakwambia mapema," alisema. "Stanley na kusoma wapi na wapi! Alikuwa anakutazama mabega yako, ukiinua anapiga."

"Najua, Olga."

"Sasa mtoto ananiambia unataka kujiua kwa ajili ya wimbo. Hebu piga nisikie."

Hubert akapiga mwanzo. Olga akafumba macho, akayumba kidogo kwenye kiti. Ikafika katikati, mikono ikasimama.

"Ndiyo hapo," Hubert akasema.

"Hapo!" Olga akafumbua macho. "Lakini hapo si palikuwa pa yule Mchina wako? Wewe ulikuwa unashusha saksafoni, unajifuta jasho, yeye anapiga piano peke yake. Stanley alikuwa anasema hapo ndipo anapopumzika. Hubert, utakikumbukaje kitu ambacho si chako?"

Hubert alitazama vidole vyake. Hakushangaa, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Ilikuwa kama mtu amemtajia jina la ugonjwa ambao yeye mwenyewe alikwisha kuuhisi.

Mchina huyo aliitwa Cheah Kim Guan. Walipiga pamoja miaka sita. Kwenye santuri jina la mtunzi liliandikwa moja tu, H. Sequerah. Halafu, mwaka 1957, hoteli ya ufukweni ilipotaka kuichukua bendi, meneja Mwingereza alisema anapenda bendi yenye sura moja mbele ya wageni wake wakiwa mezani. Waeurasia, machotara wa Kizungu na Kiasia kama Hubert, ndiyo; huyo mwingine hapana. Hubert aliomba siku mbili za kufikiri. Siku ya tatu alimwandikia Kim Guan barua.

Sasa Kim Guan alikuwa na duka la kutengeneza cherehani huko mtaa wa Lebuh Carnarvon. Hubert alimkuta ameinama, kichwa kiko chini ya mashine.

"Cherehani yako ina nini?" Kim Guan aliuliza bila kuinuka.

"Sina cherehani."

Bisibisi ikasimama. Kim Guan akainua kichwa taratibu. Alikuwa amepata upara, na miwani yake ilifungwa kwa uzi sikioni.

"Lo! Mheshimiwa wa hotelini. Umepotea njia?"

"Ah Guan," Hubert akamwita kwa jina la zamani. "Mzima wewe?"

"Mzima. Nimekuwa mzima miaka kumi na saba, hukuja kuuliza."

Mkewe alitokea nyuma ya pazia na vikombe viwili vya chai. Alimtazama Hubert, akamtambua, akaweka kikombe kimoja mbele ya mumewe na kurudi ndani na cha pili.

"Watu wenu wanahama wote," Kim Guan akasema, akikoroga. "Na wewe?"

"Na mimi. Mwezi ujao."

"Kwa hiyo umekuja kuaga."

"Nimekuja kuomba."

Akamweleza habari ya sanduku. Kim Guan alisikiliza, na mdomo wake ukaanza kucheza. "Mchwa! Wamekula hata ile valsi uliyomtungia mke wa gavana?"

"Hata hiyo."

"Hao mchwa hawachagui kabisa." Akacheka, na kwa kitambo kidogo kabisa Hubert naye akacheka, wakawa kama zamani. Kisha Kim Guan akaacha.

"Sema unachotaka."

"Kile kipande cha katikati cha 'Basil'. Ni chako. Kwenye santuri niliandika jina langu peke yangu, nami nilijua."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

Kim Guan aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa bidhaa aliyoiagiza zamani ikiwa imeshaharibika. "Na ile barua? Mimi Kiingereza cha barua kilinishinda, alinisomea mke wangu. 'Kutokana na mabadiliko.' Alikuwa na mimba ya miezi saba. Asubuhi yake tulifanya mazoezi, mimi na wewe. Ulinipa sigara, ukaniwashia. Barua ilikuwa mfukoni mwako tayari?"

"Ilikuwa mfukoni."

"Enhee."

"Meneja alitaka..."

"Meneja najua alitaka nini. Alitaka sura. Nakuuliza wewe."

"Niliogopa," Hubert akasema. "Niliogopa kuikosa ile kazi. Sina jingine la kukwambia. Ah Guan, ukitaka nikupigie magoti nitapiga. Niimbie tu, hata kwa mluzi, niandike. Jina lako litakuwa juu, la kwanza. Ni kwa ajili ya Basil. Sina kitu kingine chake, hata kaburi sina."

Alikuwa amekwisha kushika ukingo wa meza ili ashuke chini. Kim Guan alimzuia kwa bisibisi, akiigusisha begani.

"Usinipigie magoti dukani, wateja wataona. Sikiliza. Sina cha kukupa."

"Unanikatalia."

"Ningekuwa nacho ningekukatalia, ndiyo, na ningelala vizuri. Lakini sina. Mimi kile kipande sikukipiga sawa mara mbili. Kila mara nilipiga kilichokuja. Mama akiumwa kinakuja kingine, nikigombana na mke kinakuja kingine. Cha kwenye santuri kilikuwa cha siku ile, kikaisha siku ile." Alivua miwani. "Miaka sita, Hubert. Ulisimama pale mbele yangu umenipa mgongo, miaka sita. Hukusikia?"

Hubert alikumbuka kitambaa cha jasho, alikumbuka taa, alikumbuka akihesabu moyoni aje aanze tena. Muziki hakuukumbuka. Hakuwa akisikiliza.

"Jumapili tunaagwa kwenye ukumbi wa kanisa," alisema. "Saa tisa mchana. Kuna piano. Njoo upige kitakachokuja."

Kim Guan alimwonyesha mikono yake, kucha nyeusi kwa mafuta, kidole kidogo cha kushoto kimepinda.

"Nina kazi," alisema, akaingiza kichwa chini ya cherehani.

Jumapili ukumbi ulijaa waliobaki. Olga alipika ile kari yao waliyoiita ya shetani kwenye sufuria mbili, kali kiasi cha kuwatoa wazee machozi, na watu walikula wakisimuliana nani amepata kazi Perth na nani amenyimwa viza kwa sababu ya mapafu. Saa tisa ikapita. Saa kumi Clifford akaomba watu wanyamaze, kwamba Anko Hubert atapiga.

Hubert alisimama kwanza karibu na piano. Alikuwa amevaa koti jeupe la hotelini, limembana kwapani.

"Muziki huu niliwaambia ni wangu," alisema. "Katikati si pangu. Ni pa Cheah Kim Guan, aliyepiga piano pamoja nami kisha nikamfukuza kwa sababu ya sura. Niliona mjue kabla sijaondoka."

Watu walitazamana. Wengi walidhani ni msiba wa Doreen unaomsumbua. Akaketi, akapiga mwanzo, na ukumbi ukatulia kama zamani. Mzee mmoja nyuma akaanza kulia kwa sauti. Ilipofika katikati Hubert aliinua mikono, akaiweka mapajani. Akaanza kuhesabu kwa mguu. Moja, mbili, tatu, nne. Macho yake yalikuwa mlangoni.

"Maskini, kasahau," mtu akanong'ona.

Yvette alinyanyuka. Olga akamvuta sketi akamkalisha. Mguu ukaendelea kugonga sakafu, na katika ukimya ule mtu aliweza kusikia mapanga ya feni na watoto wakicheza nje uani. Mlangoni hakuingia mtu. Hubert alihesabu zote nane bila kuruka hata moja, jasho likimtiririka, kisha akarudisha mikono na kumalizia. Watu walipiga makofi kwa huruma. Alipewa maji.

Perth alipata kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akikunja mashuka pamoja na mama mmoja wa Kigiriki, Stavroula, kila mmoja kashika pembe zake mbili. Alimwandikia Kim Guan barua mara tano. Katika ya tano alisema asijisumbue kujibu, na Kim Guan hakujisumbua. Piano haikuwapo nyumbani kwa Yvette, na kilichokuwa kanisani kilikuwa kinanda cha umeme ambacho Hubert hakukigusa.

Siku moja, wakiwa katikati ya kukunja shuka, Stavroula alimuuliza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "Wimbo gani huo?"

Hubert alishtuka. Hakujua kwamba alikuwa akiimba kwa pua. Alijaribu kurudi nyuma kuona imetoka wapi, akakuta ni "Basil", na ameingia hadi katikati na kupita, amevuka pale bila kusimama. Alichokiimba hakikuwa cha Kim Guan. Hakikuwa pia chochote alichowahi kukitunga. Alitafuta kalamu mfukoni, akaipata. Alisimama nayo kitambo, Stavroula akingoja na pembe zake mbili. Akairudisha.

Kesho yake alijaribu tena kwa makusudi. Hakikuja.

Alifariki Julai mwaka 1979, baridi ya Perth ikiwa imemkaa kifuani tangu Mei. Yvette anayo karatasi ya "Basil", yenye majina mawili juu na nafasi tupu katikati. Aliwahi kumpelekea mwalimu wa muziki wa parokia, naye akasema ni muziki mzuri, lakini haujakamilika, akamrudishia.